Bukoba hadi Muleba Wakati wa Kipupwe

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wetu)



Katibu ameniomba niseme machache juu ya safari yangu ya mwezi wa Julai. Nilitoka Bukoba mjini asubuhi, nikaenda Muleba kwa njia ya Kamachumu, nikarudi jioni kwa barabara kuu. Wengi wenu mmepita huko mara nyingi mkiwa mmesinzia ndani ya basi. Leo tupite tukiwa macho.

Masika kila mahali ni kijani, huwezi kutofautisha. Kipupwe hakifichi kitu. Kuanzia Kyetema, kupita bandari ya Kemondo, hadi Muhutwe, unaona nchi mbili zimekaa bega kwa bega. Kuna rweya, mbuga ya nyasi zilizokauka. Na kuna kibanja, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, nalo bado kijani. Kutoka kimoja hadi kingine ni hatua chache tu.

Mgeni niliyekuwa naye garini alisema wazee wetu walijua kuchagua penye rutuba. Nikamwambia kuwa rutuba ile kwa sehemu kubwa waliitengeneza wenyewe. Mvua ya ukanda huu wa ziwa, ambayo pale Bukoba hufika milimita 2,000 hivi kwa mwaka, imeosha nguvu ya udongo tangu zamani. Kwa hiyo wazee walikata nyasi rweya wakazitandaza chini ya migomba. Ng'ombe walilishwa rweya mchana, samadi ikabaki nyumbani. Majivu na maganda ya ndizi yalirudi shambani. Baba alimwachia mwana kazi hiyo, na mwana akazikwa humo humo kibanjani.

Baada ya Muhutwe tulipanda Kamachumu. Huko sweta ni lazima, na ziwa unaliona chini likiwa na visiwa vyake. Kahawa ya robusta ilikuwa imeanikwa nyuani kwenye mikeka; hiyo ndiyo iliyolipa karo za wengi wetu. Upande huo huo iko Kashasha, ambako Januari 1962 wasichana wa shule ya misheni walianza kucheka bila kuweza kujizuia, hata shule ikafungwa mwezi Machi.

Muleba, makao makuu ya wilaya iliyogawanywa kutoka Bukoba, nilikuta mikungu ya ndizi ikipakiwa kwenye lori. Biashara ni njema. Lakini mkungu ukienda Mwanza, maganda yake hayarudi.

Tuliporudi kwa njia ya Izigo niliona kipupwe kinavyofichua na aibu pia. Vibanja vingine vimepauka karibu kama rweya. Ng'ombe wamepungua. Sehemu za rweya zimepandwa misonobari na mikaratusi, nyasi za kutandaza zinatafutwa mbali. Tangu mwaka 2006 mnyauko wa migomba umo wilayani humo. Tena kuna vibanja ambavyo wenyewe wako Dar es Salaam, na mama mzee ndiye peke yake aliyebaki na jembe.

Wanachama wenzangu, kila Krismasi tunafika nyumbani na zawadi. Safari ijayo mmoja wetu anunue ng'ombe wa maziwa, mwingine alipe kibarua wa kutandaza nyasi. Nanyi vijana, likizo mkiwa nyumbani, vueni ua la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa kisu, na kisu kilichogusa mgomba mgonjwa kipitisheni motoni kwanza. Mgomba ulionyauka ung'oeni mapema.

Kibanja kilichojengwa kwa vizazi vingi huchakaa kwa miaka michache. Kipupwe kijacho, atakayepita njia hiyo atatuhesabu mmoja mmoja kwa rangi ya mashamba yetu.