Akifa Mikononi Mwako, Una Kesi?



Ndugu msomaji, hebu fikiria. Kijana wa bodaboda ameanguka barabara ya Moyale, magharibi inakaribia, na hapumui. Utamshika, ama utasema, "Wacha, nisije nikaingia kesi"? Wengi wetu husema hilo la pili. Hebu tuliangalie.

Tuanze na sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inasema huduma hiyo huanzia kabla ya kufika hospitali. Kituo chenye uwezo kikikataa, faini ni hadi shilingi milioni 3. Na aliyezimia hangojwi mpaka atoe ridhaa, manake kungoja ndiko kumuua.

Je, akifa? Kufa kwa mgonjwa peke yake si kosa la mhudumu. Mahakama huuliza: je, alifanya kama ambavyo mwenzake mwenye mafunzo yale yale angefanya? Kama ndiyo, hana lawama. Kama alizembea, atajibu. Mpita njia naye hapimwi kwa kipimo cha daktari.

Dini yetu iko karibu sana na hapo. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba anayejitia utabibu asioujua ndiye mdhamini wa madhara yake. Yaani dawa ya hofu ni elimu, si kukimbia.

Na elimu yenyewe si ngumu. Kandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Endelea mpaka msaada ufike au nguvu zikuishie. Na ukihitaji kufungua saumu ili uokoe roho, wanazuoni wameruhusu, utailipa baadaye.

Kusema "basi, amekufa" si kazi yako. Mwaka 1986 mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilijadili mashine za kuhuisha wagonjwa, likaamua kuwa madaktari wenye ujuzi ndio wa kuthibitisha kwamba moyo na pumzi, au ubongo, vimesimama bila kurudi.

Basi vijana wenzangu, Idi ikipita tujiandikishe mafunzo ya huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu hufundisha, St John Ambulance pia. Kutoka Merti hadi hospitali ya rufaa hapa mjini ni safari ndefu. Wa kwanza kufika kwa majeruhi ni wewe, si daktari.

Wabillahi tawfiq.