Kukaza Kabla ya Kukohoa: Mada kwa Semina ya Wauguzi na Wakunga



1. Utangulizi

Maudhui niliyoagizwa kuyawasilisha hayahitaji maelezo marefu mbele ya hadhara hii. Kila mmoja wenu ajua kwamba sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli iliyotanda toka mfupa wa kinena hadi kifandugu, ikabeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho. Kwamba mimba, uzazi, unene, kikohozi cha kudumu na kufunga choo huidhoofisha. Na kwamba aliyedhoofika hapo aghalabu huvujwa na mkojo akohoapo, achekapo au ainuapo mzigo. Fauka ya hayo, mwajua kwamba Arnold Kegel, tabibu wa Marekani, alitangaza mazoezi ya misuli hiyo mwaka 1948. Kwa idhini yenu nayapita hayo, nipate wasaa wa kulisema lile linalonikera kwa miaka mingi.

2. Tatizo lenyewe

Twafundisha nguvu, hatufundishi wakati. Na hata hiyo nguvu twaiamuru kwa mdomo tu. Mkunga, ilhali foleni imemfikia mlangoni, humwambia mzazi, "Ukifika nyumbani uwe unakaza huko chini," mama akaitikia kwa haya, "Sawa, dada," na daftari likaandikwa kuwa amefundishwa. Lau mkunga angestahamili dakika mbili akamtazama, angemwona mama huyo akibana pumzi, mabega yakipanda, makalio yakikazwa na tumbo likitoka mbele. Yaani anasukuma chini kama aliye katika uchungu, kinyume kabisa cha alilotakiwa. Bump na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1991, waliwapima wanawake 47 baada ya maelekezo mafupi ya maneno: waliokaza sawasawa walikuwa 23 tu, na 12 walifanya kwa namna iwezayo kuzidisha kuvuja.

Tuje kwenye wakati. Kikohozi hupandisha shinikizo la tumbo kwa ghafla, likakilemea kibofu. Misuli ikikazwa baada ya hapo imechelewa, kama bawabu afungaye lango mwizi akiwa keshaingia. Ikitangulia kukazwa, mrija wa mkojo hupata egemeo thabiti ukabanika. Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza mwaka 1998 kwamba wanawake wazee waliofunzwa kukaza kabla ya kukohoa walipunguza uvujaji kwa kiasi kikubwa katika muda wa juma moja, kabla misuli haijapata nguvu mpya.

Hila hiyo yafaa katika harakati za kila siku. Mama aliye bombani mbele ya ndoo ya lita 20 na akunje magoti, avute misuli ndani na juu kana kwamba azuia mkojo na upepo kwa pamoja, kisha ndipo ainue huku akitoa pumzi, na akiisha kuitua ndoo ailegeze misuli kabisa. Vivyo hivyo ainukapo mkekani, apigapo chafya, au anyanyukapo katika sijida. Na hili la mwisho si dogo kwetu pwani, kwani mwenye wasiwasi na udhu wake huishia kujitenga na jamaa, asithubutu kusema sababu.

Silaumu idara yoyote, kwa kuwa wauguzi ni wachache na vyumba vya faragha ni adimu. Walakini neno "amefundishwa" daftarini halijamzuilia mtu hata tone moja.

3. Mapendekezo

(a) Mama asihesabiwe kuwa amefundishwa mpaka ahakikishwe, kwa ridhaa yake na katika sitara, kuwa akaza sawasawa: kiganja chake mwenyewe kikiwa juu ya nguo penye msamba, kisikie unanyanyuka wala haushuki.

(b) Kukaza kabla ya kukohoa, kucheka na kuinua kufundishwe siku ile ile ya kwanza.

(c) Mazoezi ya nguvu yasiachwe: mikazo isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi, kwa mujibu wa mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza itoayo miongozo ya tiba.

(d) Kukatiza mkojo chooni kusifanywe zoezi, maana huweza kukizuia kibofu kujitoa chote.

(e) Avujaye mfululizo usiku na mchana baada ya uzazi mgumu apelekwe hospitali upesi achunguzwe fistula, ambayo haiponi kwa mazoezi. Hali kadhalika mwenye maumivu au damu katika mkojo.

(f) Masomo na makungwi, ambao wanawake huwaambia wasiyotuambia sisi, waalikwe katika mafunzo haya.

(g) Daftari liongezwe safu ya "ameweza" kando ya "amefundishwa".

(h) Wakufunzi nao wahakikishwe kwanza kuwa wajua kukaza na kulegeza, kabla ya kuwaamuru wengine.

Endapo fedha au muda hautatosha kwa yote haya, naiomba semina ipitishe (a) na (b) leo hii, kwani hayo mawili hayahitaji kifaa chochote ila dakika chache na pazia.