Mishipa Iliyovimba Miguuni: Pima Kwanza

Msikilizaji, unashinda umesimama, na nyuma ya goti mishipa imetuna na kujipinda? Siku hizi si lazima upasuliwe. Daktari anaweza kuunguza mshipa kwa ndani, kwa leza au mawimbi ya redio. Mguu unapigwa ganzi, mshipa unaziba, damu inapita kwenye mishipa mingine iliyo mizima. Jioni unalala kwako. Au anaudunga mshipa huo sindano ya dawa ya povu. Hiyo ni nyepesi zaidi, ila huenda ikarudiwa. Ipi inakufaa? Kipimo ndicho kitakachosema. Omba altrasaundi ya mishipa ya miguu. Narudia: altrasaundi kwanza. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usikande, usisugue. Nenda hospitali siku hiyohiyo.