MPIRA UNA MWISHO, KALAMU INABAKI

(Maneno ya walimu siku ya kufunga mashindano ya mpira kambini)



Tunawapongeza washindi na walioshindwa. Lakini sisi walimu tuna jambo linalotusumbua. Muhula huu nafasi nyingi darasani zilibaki wazi saa za mazoezi. Tukiwauliza, mnajibu: "Mwalimu, mguu ndio utakaonitoa hapa." Hatuwakatazi ndoto hiyo. Tunawaletea mfano wa mtu aliyeifikia.

Danny Blanchflower alizaliwa Belfast mwaka 1926. Aliacha shule mapema, akajifunza ufundi wa umeme kiwandani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshi la anga, na huko akapata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha St Andrews. Hakuipoteza.

Mwaka 1958 aliiongoza Ireland ya Kaskazini hadi robo fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 1961, yeye akiwa kapteni, Tottenham ilitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA katika msimu mmoja. Hakuna timu ya Uingereza iliyokuwa imefanya hivyo tangu 1897.

Mwaka 1964 goti lilimshinda, akastaafu. Wengi hapo hubaki kusimulia magoli ya zamani. Yeye alishika kalamu, akawa mwandishi wa michezo katika gazeti la Sunday Express kwa miaka mingi. Mwaka 1967 alitangaza mpira katika televisheni ya Marekani. Wakubwa walitaka asifie, ili ligi yao mpya ipendwe. Yeye alisema alichokiona: mchezo mbaya aliuita mbaya.

Uzeeni ugonjwa ulimpokonya kumbukumbu, akafariki mwaka 1993. Aliyoyaandika bado yanasomwa.

Ndugu vijana, sisi tulikimbia tukaacha nyumba, mashamba, hata vyeti. Lakini kusoma na kuandika hakuna aliyetunyang'anya njiani.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati: mazoezi yaanze saa kumi jioni, baada ya masomo. Nanyi wachezaji, kila timu imchague mmoja wenu aandike habari za mechi kwa ajili ya jarida hili. Aandike kweli, na magoli mliyofungwa asiyafiche.