Dalili za Mlima Elgon

Katika nchi za baridi kuna watu ambao kazi yao ni kuchimba theluji milimani na kuipima tabaka kwa tabaka, ili ijulikane kabla ya wakati ni mteremko upi utakaoporomoka. Tororo na Busia hazina theluji. Karibu nazo kuna Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, na kinachoporomoka huko ni ardhi yenyewe.

Jioni ya tarehe 1 Machi, 2010, baada ya mvua nyingi, mteremko uliangukia Nametsi, wilayani Bududa. Zahanati ilifukiwa pamoja na watu waliojihifadhi humo. Askari wa Jeshi la Uganda walichimba kwa majembe na mabeleshi, maana mitambo haikuweza kufika. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini karibu yote ilikuwa kazi ya kutafuta maiti.

Tarehe 11 Oktoba, 2018, huko Bukalasi, tope, mawe na magogo yalishuka kwa Mto Suume na kuwakumba watu waliokuwa mbali na pale ardhi ilipokatika. Basi anayekaa bondeni asidhani kuwa habari za mlimani hazimhusu. Manafwa hutoka Bududa na kukata barabara ya Tororo na Mbale. Lwakhakha hufuata mpaka na kuingia Mto Malaba.

Udongo wa mfinyanzi hunywa maji, ukawa mzito, na maji yakifika kwenye mwamba huteleza. Dalili hutangulia: nyufa ardhini, miti kuinama, chemchemi kububujika mahali pakavu. Iliyo mbaya zaidi ni mto kupungua ghafla huku mvua ikinyesha. Wapo wanaofurahi kwamba kivuko kimekuwa chepesi, kumbe maji yamezibwa huko juu na yatakuja kwa mkupuo.

Kuhamisha watu si amri tu. Baadhi ya waliopelekwa Kiryandongo baada ya 2010 walirudi, kwani mashamba na makaburi yao yako Bududa. Novemba 2024 mlima uliua tena, safari hii Bulambuli. Askari anayejulikana kijijini husikilizwa usiku wa mvua kuliko tangazo.

Polisi wa Malaba wa pande zote mbili hutazama mto mmoja. Kimo chake hakina budi kuandikwa katika kitabu cha zamu na kupelekwa ng'ambo usiku huo huo, bila kungoja ofisi zifunguliwe.