Kazi za Kipupwe na Wanyama Waharibifu
Maneno ya Katibu wa Umoja katika mkutano wa kutimiza miaka kumi



Hesabu za Umoja mmekwisha kuzisikia kwa Mshika Fedha. Mimi naomba kusema juu ya hasara isiyoandikwa daftarini, nayo ni ile tuletewayo na wanyama wakati wa kipupwe.

Kila mwenye shamba hapa Pemba ajua jinsi kazi zinavyobanana tangu mwezi wa Juni, upepo wa kusi uvumapo na asubuhi zikawa za baridi. Mpunga wataka kuvunwa, muhogo wataka palizi, na mara karafuu nazo huiva. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, kisiwa chetu ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya zao hili. Basi wakati wa mavuno wenye nguvu huwa mitini, na waliobaki huwa chini wakitenga karafuu na makonyo na kuzianika, macho yao mawinguni. Maana karafuu zikinyeshewa jamvini hupoteza rangi na bei.

Mnyama naye aijua kalenda hii. Tumbili hungoja dungu liwe tupu, kisha hushuka akang'oa muhogo, akauma huu akautupa, akauma ule akautupa. Mbuzi aliyekata kamba hupita juu ya jamvi kana kwamba ametandikiwa yeye, na kuku humfuata nyuma akipekua. Jioni barazani tunacheka. Lakini mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, na mwaka inapokataa, muhogo ndio utulishao. Tena mlinzi tumwekaye aghalabu ni mtoto, ambaye wenzake wako darasani.

Ndugu zangu, tumbili nikimfukuza kwangu haendi baharini. Huenda kwa jirani. Jirani akimfukuza, hurudi kwangu. Kulinda kila mtu peke yake ni kupeana tumbili. Kwa miaka kumi tumejifunza kuweka fedha pamoja, lakini shamba bado kila mtu alinda kwa kombeo lake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tawi lipange zamu za watu wazima, dungu moja kwa mashamba yanayopakana, tangu alfajiri hata magharibi. Na zamu hiyo ihesabiwe kuwa kazi ya ushirika. Pili, mwenye mbuzi amfunge, na hasara ikitokea isuluhishwe na kamati ya tawi kabla haijawa ugomvi. Tatu, popo mkubwa wa Pemba asitiwe katika hesabu ya maadui. Hula maembe yetu, ni kweli, lakini hueneza mbegu za miti ya msituni, na kwao asili ni kisiwa hiki tu duniani. Katika miaka ya 1980 alikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Baadaye watu wa Kidike wakasimama pamoja kumlinda, na popo wakaongezeka. Hapana mtu mmoja ambaye angaliweza kazi ile peke yake.

Viongozi wa matawi, nakuombeni msiondoke hapa leo kabla ya kuandika majina ya zamu ya kwanza, na lisiwemo jina la mtoto wa skuli hata mmoja.