Uhuru wa Kuvuta na Uhuru wa Kuacha

Masomo: 1 Wakorintho 6:12, Hesabu 11:4-6

Katika dakika hizi chache nataka tufikiri pamoja juu ya kitu ambacho urefu wake haupiti kidole, lakini nguvu zake juu ya watu ni nyingi. Nasema juu ya sigara.

Huenda mmoja wenu amekwisha kunyosha mkono ili azime redio. Tafadhali ngoja kidogo, ndugu yangu. Sikuja kukugombeza. Umekwisha kugombezwa na mkeo, na daktari, na hata pakiti yenyewe imechapwa maonyo. Kama kugombezwa kungalikuwa dawa, ungalikwisha pona zamani. Mfalme James wa Uingereza, yule ambaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hujulikana kwa jina lake, aliandika kitabu cha kuilaani tumbaku mwaka 1604, kisha akaipandisha ushuru sana. Watu wake waliendelea kuvuta. Basi ikiwa mfalme hakuweza kwa ukali, mchungaji wa parokia hataweza. Mimi nimekuja na swali moja tu.

Mara nyingi tukizungumza na watu juu ya jambo hili hujibu hivi: "Mchungaji, mimi ni mtu mzima. Pesa ni zangu na mapafu ni yangu. Siibi wala silewi. Tena nionyeshe kifungu katika Biblia kinachosema usivute sigara." Haya ni maneno ya mtu mwenye akili, nayo yanastahili jibu la haki.

Jibu la haki ni kwamba kifungu hicho hakipo. Tumbaku ni mmea uliotoka Amerika. Watu wa ng'ambo hii ya bahari hawakuujua hata Columbus alipovuka mwaka 1492, kwa hiyo manabii na mitume hawakuuona kamwe. Sheria ya nchi yetu nayo haimkatazi mtu mzima. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta mahali pa watu wote, inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na inakataza sigara kuuzwa mojamoja, ijapokuwa twajua yanayofanyika kwenye vioski vyetu. Lakini mtu mzima akivuta mahali panaporuhusiwa, askari hana neno naye. Haki hiyo unayo, nami siji kukunyang'anya.

Basi swali langu ni hili: haki ya kuvuta unayo, je, na uwezo wa kuacha unao? Mlango unaokuruhusu kuingia lakini haukuruhusu kutoka, sisi hatuuiti mlango. Twauita mtego.

Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Jaribu kesho tu, tangu kucha hata kuchwa. Wako watu ambao mahubiri yakizidi nusu saa, mkono huanza kupapasa mfukoni, na kabla ya baraka wamekwisha kutoka nje. Wako wanaoamka usiku wa manane, wakiona pakiti ni tupu hutafuta kipisi cha jana katika majivu. Mtu wa namna hii akiniambia, "Navuta kwa kuwa nimependa mwenyewe," namheshimu, lakini namwuliza: ni nani aliyekuamsha usiku ule? Maana katika nyumba, bwana ndiye anayeamsha, na mtumishi ndiye anayeamshwa.

Wakorintho nao walikuwa na neno lao la haki. Walisema ya kwamba vitu vyote ni halali kwao. Mtume Paulo hakuanza kwa kuwahesabia makatazo. Aliwapeleka kwenye jambo lililo zito zaidi: je, kitu hicho kina faida? Kisha akasema juu ya nafsi yake kwamba hatakubali kuwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Angalieni, Paulo hapunguzi uhuru wa Mkristo. Anaulinda.

Sasa hebu tuangalie sigara inavyofanya kazi mwilini. Ndani ya tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu avutapo moshi, nikotini hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 hivi. Huleta raha kidogo, kisha hupungua, na ubongo uliokwisha kuzoea huidai tena. Sehemu kubwa ya ile raha ya sigara ya asubuhi ni kutulizwa kwa kiu iliyoletwa na sigara ya jana. Ni kama mtu aliyekukopesha bila kuombwa, akawa anakuja kila saa kudai, nawe kila ukimlipa unashukuru kwa utulivu wa dakika chache. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Tena fikiri jambo hili. Wavutaji wengi duniani walianza wakiwa vijana, kabla ya miaka 20. Labda wewe ulianza ukiwa na miaka 15, nyuma ya shule, ili wenzako wasikucheke. Leo una miaka 45, una mke na shamba, watu wanakuja kwako kutaka shauri. Je, kuna jambo lingine lolote la nyumba yako ambalo ungemwachia kijana wa miaka 15 akuamulie? Lakini katika hili bado unamtii yule kijana kila siku, nawe unaliita jambo hilo uhuru wa mtu mzima.

Nitawapa habari ya mtu mmoja aliyeutumia uhuru wake vema. Katika Uingereza alikuwako daktari aitwaye Richard Doll. Yeye na mwenzake Austin Bradford Hill walitaka kujua kwa nini kansa ya mapafu ilikuwa ikiongezeka sana. Doll mwenyewe alidhani labda ni lami ya barabara au moshi wa magari. Waliwauliza wagonjwa katika hospitali za London, na mwaka 1950 wakatangaza waliyoyaona: sababu kubwa ilikuwa sigara. Doll alikuwa mvutaji. Hakuna polisi aliyemshika, wala hakuna mchungaji aliyemtenga. Aliiona kweli, akaacha. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 92.

Tangu mwaka 1951 waliwafuata maelfu ya madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, na baada ya miaka 50 hesabu ikatolewa. Wavutaji walikufa mapema kuliko wasiovuta, kwa kadiri ya miaka 10. Lakini sikilizeni habari njema iliyo ndani ya hesabu hiyo. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia miaka 3 hivi ya maisha. Aliyeacha akiwa na 50 alipata 6. Aliyeacha akiwa na 40 alipata 9, na aliyeacha akiwa na 30 alipata karibu yote 10. Basi, mzee wangu, usiseme, "Mimi nimekwisha chelewa." Miaka mitatu yatosha kumwona mjukuu akianza shule.

Na yale maneno ya "mapafu ni yangu" je? Yangekuwa kweli kama moshi ungejua mipaka. Lakini familia nyingi zinalala chumba kimoja, dirisha likifungwa kwa ajili ya baridi. Baba akivuta humo, mtoto mchanga naye amevuta, ila yeye hakuulizwa. Moshi huo huwaletea watoto nimonia, huwaamsha wenye pumu, na huwadhuru hata watoto walio tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni 1 hawakuvuta wenyewe. Walivuta moshi wa wenzao. Wao nao walikuwa na haki. Uhuru wa baba hauwezi kuwa kifungo cha mtoto.

Sasa nisemeje kwako wewe uliyejaribu kuacha ukashindwa? Nakupeleka jangwani pamoja na wana wa Israeli. Walikuwa wametoka Misri kweli, na Farao hakuwa na uwezo juu yao tena. Lakini tunasoma katika kitabu cha Hesabu kwamba walilia wakikumbuka samaki, na matango, na vitunguu vya huko. Miguu ilikuwa imetoka, mdomo ulikuwa bado Misri. Kuwatamani samaki wa Misri hakukuwa na maana kwamba hawakukombolewa. Kulikuwa na maana kwamba safari ilikuwa inaendelea. Hivyo na wewe, ukitetemeka, ukikosa usingizi, ukiwa mkali kwa watu wa nyumbani siku za kwanza, usidhani Mungu amekuacha. Nikotini inatoka mwilini. Siku chache za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Tamaa ikija, mara nyingi hupita baada ya dakika chache, uivute sigara au usiivute.

Basi fanya hivi. Chagua siku, uiandike. Mwambie mkeo au rafiki mmoja, maana vita vya siri hushindwa kwa siri. Usibakize hata moja ndani ya nyumba. Tamaa ijapo, kunywa maji, toka nje, tembea, omba sala fupi. Nenda zahanati au kwa mfamasia uulize juu ya chingamu au plasta ya nikotini. Kutumia dawa si upungufu wa imani, kama vile kumeza dawa ya malaria si upungufu wa imani. Ukianguka, simama siku ile ile. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara nyingi kwanza.

Nanyi vijana, leo zimekuja sigara za betri zenye harufu ya matunda, na vipakiti vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo. Mtaambiwa havina moshi. Ni kweli, vipakiti havina moshi, lakini bwana aliye ndani ni yule yule, amebadili kanzu tu. Ni rahisi zaidi kutokumkaribisha kuliko kumfukuza.

Na sisi kanisani, tuache kumcheka ndugu anayenuka tumbaku. Tukimsukuma, atakwenda kuvutia nyuma ya kanisa, kisha atakwenda mbali zaidi, na mwisho hatarudi. Mwanamume anayehesabu siku yake ya nne bila sigara anahitaji mtu wa kumwuliza, "Leo umelalaje?" Huo nao ni utumishi.

Katika Sala ya Asubuhi tunakiri ya kwamba kumtumikia Mungu ndio uhuru wenyewe uliotimia. Twalisema neno hilo upesi, pengine bila kulifikiri. Lifikirini kesho. Kila mtu ana bwana. Heri yule ambaye Bwana wake alikufa kwa ajili yake, wala si yule ambaye yeye anakufa kwa ajili ya bwana wake.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyewatoa watu wako katika nyumba ya utumwa, uwatazame usiku huu wote wanaotaka kuacha na hawawezi. Uwape nguvu ya saa moja, kisha ya saa inayofuata. Uwalinde watoto wao. Utufundishe sisi wengine kuwashika mkono bila kuwahukumu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwa heri.